Fildi ya uhasibu: Somo kubwa limo kwenye leja ya SACCOS

KILA mwaka ifikapo Julai, wakati baridi ya Nyanda za Juu Kusini imefikia makali yake na wakulima wanamalizia kuvuna, kundi jingine nalo huingia mitaani katika miji ya Mbeya na Iringa. Ni wanafunzi wa uhasibu, fedha na benki, kila mmoja na bahasha ya kaki mkononi, wakitafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, au kama wenyewe wanavyoyaita, fildi.

Wengine wanatoka Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo Kikuu Mzumbe, ambavyo vyote vina kampasi Mbeya. Wengine wanatoka Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wenyeji wengi walikizoea kwa jina la Tumaini hadi mwaka 2013, au Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha. Wapo pia vijana wa mikoa hii wanaosoma Dar es Salaam, Dodoma na Moshi. Hao hurudi nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna kodi ya chumba wala chakula cha kununua.

Karibu wote huanzia benki. Hilo si la kushangaza, kwani benki ina jina, ina jengo zuri, na kijana anaamini kwamba akionekana pale kwa wiki nane atakumbukwa siku nafasi ya ajira itakapotangazwa. Lakini matawi ni machache na waombaji ni wengi. Anayebahatika kupata nafasi mara nyingi huishia kupanga mafaili, kutoa nakala na kuwaelekeza wateja mahali pa kupanga foleni. Sababu inaeleweka: benki inalinda siri za wateja wake, na haiwezi kumpa mgeni wa miezi miwili ufunguo wa mfumo wake wa kompyuta.

Wakati huo huo, kilometa chache kutoka barabara kuu ya TANZAM, vyama vya akiba na mikopo vya wakulima vina vitabu vinavyohitaji mikono na macho zaidi. Makala haya yanaeleza kwa nini mwanafunzi wa fedha anaweza kujifunza zaidi huko, na kwa nini wanachama wa vyama hivyo nao wana sababu ya kumkaribisha.

Mkaguzi asiye mkaguzi

Mwandishi wa makala haya alifanya fildi yake mwaka 2007 katika SACCOS moja ya wakulima wa mpunga wilayani Mbarali. Ulikuwa mwaka wa neema kwa vyama hivyo. Serikali ya Awamu ya Nne ilikuwa imetenga Sh1 bilioni kwa kila mkoa kwa ajili ya mikopo ya wajasiriamali, fedha ambazo wananchi walizibatiza jina la mabilioni ya Kikwete. Sehemu ya mikopo hiyo ilipitia SACCOS, hivyo kila kijiji kilitaka kuwa na yake. Vyama vilizaliwa haraka kuliko walivyopatikana watu wa kuviandikia vitabu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, sanduku la chuma la kuhifadhia fedha, kalkuleta moja na rundo la leja zenye majalada magumu. Wafanyakazi walikuwa wawili, mhasibu na karani. Wanachama walipoona kijana mwenye kalamu anafungua leja moja baada ya nyingine, walimwita mkaguzi. Nilieleza mara nyingi kwamba mimi ni mwanafunzi tu, lakini jina halikubadilika. Kuna wazee walionishusha sauti wakaniuliza kama fedha zao zipo.

Swali lile lilikuwa na uzito kuliko lolote nililowahi kuulizwa darasani. Aliyeweka akiba benki ana kinga kidogo, kwani Bodi ya Bima ya Amana humlipa hadi kiwango kilichowekwa kisheria benki inapofilisika. Mwanachama wa SACCOS hana kinga hiyo. Kinga yake ni vitabu vilivyoandikwa sawasawa, kamati ya usimamizi inayovisoma na mkaguzi anayefika kwa wakati.

Urari umelingana, mzee anadaiwa

Kazi yangu ya wiki ya tatu ilikuwa kuandaa orodha ya wadaiwa waliochelewa kurejesha. Orodha hiyo ingepelekwa kwa kamati ya mikopo, kisha ingebandikwa ubaoni. Wadhamini wa wale ambao wangeshindwa kulipa wangekatwa akiba zao.

Katika orodha hiyo alikuwamo mzee mmoja aliyekopa Sh400,000. Kwa mujibu wa leja alikuwa amerejesha Sh250,000, na alibakiza Sh150,000 bila kuhesabu riba. Habari zilipomfikia alikuja ofisini na baiskeli yake, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake stakabadhi tatu: ya Sh100,000 na mbili za Sh150,000 kila moja. Jumla Sh400,000. Hakupiga kelele. Aliziweka mezani, akasema anataka jina lake litolewe, maana wadhamini wake ni majirani zake.

Mhasibu alinituma nifuatilie. Njia ya kufuata ni ile ile inayofundishwa mwaka wa kwanza: namba ya stakabadhi, kisha kitabu cha stakabadhi, kisha daftari la fedha taslimu, kisha leja ya mwanachama. Stakabadhi ya tatu ilikuwapo kwenye kitabu. Fedha zilikuwapo kwenye daftari na zilipelekwa benki siku iliyofuata. Kwenye leja ya mzee hazikuwapo.

Zilipatikana kwenye leja ya mtu mwingine mwenye majina yale yale mawili, wa kitongoji cha pili. Huyo alionekana amepunguza deni ambalo hakulipunguza.

Hapa ndipo penye somo. Urari wa hesabu za chama ulikuwa umelingana bila kasoro. Jumla ya mikopo kwenye vitabu ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, kwa kuwa alichopunguziwa mmoja kimakosa ndicho alichoonekana kudaiwa mwingine. Mtu aliyetazama jumla peke yake angesema vitabu viko safi. Darasani tunaambiwa kwamba kuna makosa yasiyoonekana kwenye urari, tunayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau. Pale Mbarali kosa la aina hiyo lilikuwa na sura ya mzee na wadhamini watatu waliokuwa wakaribie kukatwa akiba.

Kamati ilikutana, leja zote mbili zikasahihishwa, na jina likaondolewa kabla orodha haijabandikwa. Baada ya hapo chama kiliamua kwamba kila stakabadhi iandikwe namba ya uanachama na si jina pekee. Ni hatua ndogo isiyogharimu hata senti, na katika vijiji ambavyo nusu ya ukoo hurithi jina la babu mmoja, ina thamani kubwa.

Riba ni swali la namna ya kulipa

Jambo la pili ambalo fildi ya kijijini hufundisha ni riba. Wanachama wengi hujua asilimia, lakini si wote wanaojua inahesabiwa juu ya nini.

Tuchukue mfano. Mwanachama anakopa Sh600,000 kwa miezi sita kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na anarejesha Sh100,000 ya mkopo kila mwezi. Chama kikihesabu riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, atalipa Sh12,000 kila mwezi, jumla Sh72,000. Chama kikihesabu riba juu ya salio linalobaki, atalipa Sh12,000 mwezi wa kwanza, Sh10,000 wa pili, kisha Sh8,000, Sh6,000, Sh4,000 na Sh2,000. Jumla ni Sh42,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni Sh30,000.

Lakini mwanafunzi asikimbilie kusema njia ya kwanza ni wizi. Mkulima wa mpunga ambaye harejeshi kitu hadi avune, anakaa na Sh600,000 zote kwa miezi yote sita. Kwake Sh72,000 ndiyo riba halali kwa njia zote mbili. Anayeumia ni muuza duka au mfuga kuku anayerejesha kila mwezi huku anahesabiwa riba ya fedha alizokwisha kurudisha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza riba ni asilimia ngapi, mwanachama aulize inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio, na alinganishe jibu na namna anavyolipa.

Hesabu hii huchukua dakika kumi kwenye karatasi. Mwanafunzi akiwafanyia wanachama kwenye mkutano mmoja tu, amelipa gharama ya kumkaribisha.

Nusu ya mwaka wa mkulima

Fildi nyingi huangukia kati ya Julai na Septemba. Kwa Nyanda za Juu Kusini hicho ni kipindi cha marejesho. Mavuno yameingia, wanunuzi wako barabarani, na karani wa SACCOS anapokea fedha tangu asubuhi. Mwanafunzi akiondoka mwishoni mwa Septemba anaamini ameona chama kinavyofanya kazi. Ameona nusu. Utoaji wa mikopo ya pembejeo huja baadaye, mvua zinapokaribia kuanzia Novemba, na hapo ndipo maamuzi magumu hufanyika: nani apewe, kiasi gani, kwa dhamana ipi.

Kipindi hicho cha marejesho nacho kina kasoro ambayo mwanafunzi makini ataiona. Mkulima hutakiwa kulipa wakati ule ule ambapo kila mtu anauza, na bei iko chini. Kwa mfano tu, tuseme anadaiwa Sh600,000 na gunia la mpunga ni Sh30,000 mwezi Julai. Atauza magunia 20 kumaliza deni. Tuseme bei inafika Sh50,000 mwezi Februari. Angesubiri, magunia 12 yangetosha kulipa deni hilo. Riba ya asilimia 2 kwa miezi saba ya kusubiri ni Sh84,000, ambayo ni magunia yasiyozidi mawili. Jumla 14. Hata baada ya riba hiyo, magunia sita yangebaki nyumbani, yakipungua kidogo kwa gharama ya ghala.

Ndiyo mantiki ya stakabadhi za mazao ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005. Mkulima huweka mazao kwenye ghala lenye leseni, hupewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo huwa dhamana ya kukopea sehemu ya thamani ya mazao. Analipa madeni yake ya haraka na kusubiri bei. Hatari ipo, kwani bei inaweza isipande, na mzigo ghalani unaweza kupungua uzito au kuharibika. Lakini hatari hiyo inahesabika, na kuihesabu ndiyo kazi ya mtu wa fedha.

Ukivuka kutoka Mbarali kuingia Iringa, ratiba ya fedha inabadilika kabisa. Mkulima mdogo wa chai wa Mufindi huchuma kila baada ya siku chache na hulipwa kwa mwezi, hivyo anaweza kurejesha kila mwezi kama mfanyakazi. Mkulima wa nyanya wa Ilula hupata fedha kwa wiki chache kisha hukaa bila kitu, na bei yake yaweza kuporomoka ndani ya siku mbili. Mpanda miti wa Mufindi husubiri miaka mingi kabla ya kuvuna mbao. Ukiwapa wote watatu mkataba mmoja wa miezi sita, umewapa wawili kati yao sababu ya kuwa wadaiwa sugu kabla hawajaanza.

Funzo la Njombe

Mkoa wa zamani wa Iringa unatoa pia mfano wa benki za wananchi. Benki ya Wananchi Mufindi (MUCOBA) ilianzia Mafinga mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2016 hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni njia ndefu kwa taasisi iliyoanza kwa michango ya wenyeji wa wilaya moja.

Jirani yake haikufika huko. Januari 4, 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe, katika mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi. Kiwango cha juu cha fidia wakati huo kilikuwa Sh1.5 milioni kwa mteja, na aliyekuwa na zaidi alilazimika kusubiri mali za benki zikusanywe na kuuzwa.

Mtaji wa taasisi ya fedha hauishi kwa siku moja. Hupungua kila mkopo unapogeuka kuwa chechefu, na taasisi hujidanganya kila inapoendelea kuuandika mkopo huo kama mali nzima. Anayeandaa orodha ya wadaiwa kwa uaminifu, awe mhasibu wa miaka 20 au mwanafunzi wa wiki nane, anashika kipimo cha joto cha chama kizima.

Kilichobadilika

Hali ya sasa si ile ya mwaka 2007. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo mwanachama anaweza kurejesha mkopo bila kubeba fedha kwenye basi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS katika daraja lake, na sasa zinapaswa kuwa na leseni chini ya usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Shirika la COASCO linaendelea na ukaguzi wa vyama vya ushirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamhusu mwanafunzi moja kwa moja: majina na madeni ya wanachama hayapaswi kuingia kwenye ripoti yake ya chuo.

Lakini teknolojia haikufuta kosa lililompata yule mzee. Malipo ya simu yanayoingia kwa jina lisilolingana na la uanachama, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa jina la mke au mtoto, yanaweza kutua kwenye akaunti ya mtu mwingine vilevile. Kompyuta italinganisha urari haraka zaidi, basi. Bado anahitajika mtu wa kuchukua stakabadhi moja moja na kuifuata hadi mwisho.

Nini kifanyike

Kwa mwanafunzi: barua ya kuomba nafasi ya Julai iandikwe Aprili, na asiandike kwa benki peke yake. Aulize kwanza kama chama kina mhasibu anayeweza kumsimamia na kutia saini kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku. Apige hesabu za nauli na chakula mapema, kwani ofisi nyingi hazimlipi mwanafunzi. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu aangalie kama amepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo, na asiye na mkopo achague mahali anapoweza kulala kwa ndugu.

Kwa viongozi wa SACCOS: msimpe mwanafunzi fedha taslimu wala ufunguo wa sanduku. Mpeni vitabu. Mpeni kazi yenye mwisho, kwa mfano kulinganisha stakabadhi za miezi mitatu na leja, au kusuluhisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Kisha mpeni nusu saa mbele ya kamati ya usimamizi aeleze alichokiona. Chama ambacho viongozi wake wanaogopa kijana asione leja kina tatizo ambalo wanachama wanapaswa kuliulizia kwenye mkutano mkuu.

Kwa vyuo: mwalimu anayekuja kumtembelea mwanafunzi mara moja, akatia saini na kuondoka, hajui alichofanya kijana wake. Aombe kuonyeshwa kazi moja tangu stakabadhi hadi mizania. Na wanaopanga ratiba wafikirie kama baadhi ya wanafunzi hawawezi kwenda Novemba, angalau kwa wiki mbili, waone mikopo ikitolewa na si ikirejeshwa tu.

Kwa mwanachama wa kawaida: tunza stakabadhi zako mahali pakavu, hakikisha zina namba yako ya uanachama, na angalau mara mbili kwa mwaka nenda ofisini uombe kuonyeshwa leja yako. Ni haki yako, na huhitaji kuwa msomi. Yule mzee wa Mbarali hakuwahi kusomea uhasibu. Alichokuwa nacho ni karatasi tatu ndani ya mfuko wa nailoni, na zilitosha.